Siku Niliyolamba Ukuta wa Havana

Nyie vijana mnaokuja hapa kwangu Mbagala kuniuliza habari za chokaa, najua mnachosimuliana mkitoka. Mnasema Babu Seif alikwenda Cuba, akafukuzwa na mlinzi kwenye jumba la watawa kwa sababu alikuwa analamba ukuta. Mnacheka mpaka mnashika mbavu. Haya, chekeni, maana ni kweli. Ila aliyewasimulia aliishia katikati, na leo nataka mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kilichofuata hakichekeshi.

Kwanza mjue kwa nini nililamba. Jengo la mawe ya matumbawe adui yake mkubwa ni chumvi. Inapanda na unyevu kutoka chini, inajificha nyuma ya lipu, na siku moja lipu yote inabanduka na kuanguka sebuleni kwa watu. Kwa hiyo kabla hujagusa ukuta wa namna hiyo lazima ujue una chumvi kiasi gani, na kifaa cha kupimia Mungu alishakupa, kimo mdomoni. Mchanga nao ni vilevile. Ukiuosha mchanga wa pwani, unauonja. Ukiona bado unakukumbusha mchuzi wa pweza, rudi kisimani uoshe tena. Mie nimeonja mchanga wa Kunduchi, wa Mbweni, wa Kigamboni kote. Marehemu mke wangu alikuwaga ananiambia siku nikifa wachimbe kaburi nusu, maana nusu nyingine nshakuwa udongo tayari.

Basi pale Havana nilipoona ukuta wa zamani wa mawe yaleyale ya kwetu, matumbawe matupu, unaona mpaka alama za konokono wa baharini ndani ya jiwe, nikasahau kwamba niko ugenini. Nikasogea, nikatoa ulimi. Mlinzi akaja mbio anapiga kelele kwa Kihispania, na mie Kihispania nilikuwa najua neno la kuombea maji tu. Nikamwomba maji. Akazidi kufura. Ndipo akatokea mzee mmoja mweusi, mrefu, suruali imejaa chokaa, akamweka yule mlinzi kando, akanitazama, kisha naye akalamba palepale nilipolamba mie. Akatema. Akatikisa kichwa kwamba, aisee, chumvi nyingi. Huyo ndiye Evaristo, mkuu wa mafundi wa lipu pale, na kuanzia saa ile tukawa ndugu bila kuelewana hata sentensi moja.

Niliendaje huko? Kuna shirika moja la kuhifadhi majengo ya kale liliita mafundi wa chokaa kutoka miji ya pwani nchi mbalimbali, wakae pamoja wafundishane. Jina langu lilipelekwa na mhandisi mmoja niliyemfanyia kazi kwenye nyumba ya mawe kule Mbweni. Nilikuwa nimeshastaafu, magoti yanalia nikipanda ngazi. Nikadhani ni utani. Mpaka nilipofungishwa mkanda ndani ya ndege ndo nikaamini, na nikaanza kujuta hapohapo.

Mkalimani wetu alikuwa Daktari Marisol, mama wa makamo, Mcuba, ambaye miaka ya nyuma alifanya kazi hospitalini huku kwetu. Kiswahili chake alikiokota Temeke, basi mnajua wenyewe kilivyo. Aliponipokea akaniambia, "Mambo vipi, mzee? Freshi?" Nikamwambia, mwanangu, kwetu mtu wa umri wangu haulizwi kama yuko freshi. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Shikamoo, babu! Nimekaa sana huku, nimeharibika." Nikaitikia marahaba, tukacheka, na tangu hapo akawa mwanangu.

Marisol alitutembeza mjini. Mji ule, wanangu, waliujenga Wahispania enzi za ukoloni wao, na ukisimama bandarini unaelewa kwa nini waliupenda. Mdomo wa bandari ni mwembamba, na pande zote mbili wamejenga ngome. Alituambia jioni walikuwa wakitandaza mnyororo kutoka upande mmoja hadi mwingine, adui asiingie. Meli zilizojaa fedha na dhahabu kutoka nchi za bara la Amerika zilikuwa zinakusanyika pale, zinasubiriana, halafu zinavuka bahari kwa pamoja kurudi Uhispania. Majumba yana nguzo, yana ua katikati, yana roshani za mbao. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mie nikauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza.

"Haya mawe alibeba nani?"

Marisol akanijibu, "Watumwa, babu. Walitolewa Afrika. Hapa waliwaita kwa makabila yao. Kuna walioitwa Wakongo, kuna hawa na hawa, kuna Wamacuá."

"Hebu rudia hilo la mwisho."

"Macuá. Hao walitoka upande wenu, babu. Msumbiji kule."

Nikatafuta pa kukaa. Mie baba yangu Mzaramo, lakini mama yangu ni Mmakua wa Masasi, na Wamakua wako kotekote, huku kwetu na ng'ambo ya Ruvuma. Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, na maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu wa mama yangu walifikishwa mpaka kule. Nimekaa kwenye ngazi ya jumba la watu, nimeshika jiwe, nawaza huenda hili lilipandishwa na mtu wa kwetu. Niliumia, sitawaficha.

Sasa ili muelewe kilichonikuta baadaye, lazima niwarudishe nyuma, kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa Sofia ni dada wa mama yangu tumbo moja. Alikuja Dar na mama wakiwa wasichana, mama akafa mapema, yeye ndiye akanilea. Kazi ya kupiga sakafu nimeijua kwake. Nyie mkisikia sakafu mnafikiri simenti na vigae. Sakafu ya zamani, ya chini na hata ile ya juu iliyokuwa ndiyo paa, ilikuwa kokoto ndogo na chokaa iliyolala shimoni msimu mzima, inamwagwa juu ya boriti, halafu kina mama wanapanga mstari na vibao vyao na kuipiga. Wanapiga, wananyunyiza maji, wanapiga, siku na siku, mpaka inakaza na maji ya mvua hayapiti. Ukipiga kidogo inavuja. Ukipitiliza unaivunja moyo, inapasuka. Sasa utajuaje imetosha? Kina mama walijua kwa wimbo. Mama mkubwa anaanzisha, wengine wanaitikia, wimbo ukiisha wanasogea hatua moja, wanaanza upya.

Na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kimakua. Kina mama wenzake, watu wa Mbweni, walikuwa wanaitikia maneno wasiyoyajua, na hakuna aliyejali.

Nilipoanza kusimamia kazi mwenyewe nilikuwa nimenunua saa ya mkononi, nina maringo nayo hatari. Nikawaambia kina mama, kuanzia leo tunakwenda na saa, huu muda tunapoteza kwa nyimbo. Mama mkubwa hakubishana. Alinitazama tu, akapiga nilivyotaka. Masika ilipokuja paa likavuja juu ya kitanda cha mwenye nyumba, na yeye mwenyewe amelala humo. Nilikwenda kumwomba mama mkubwa waje kurudia. Akaniambia, "Seif, saa yako haijui kama leo kuna unyevu. Chokaa ikiwa mbichi mkono unakuwa mzito, na mkono ukiwa mzito wimbo unakwenda polepole. Sasa we uliona saa gani inakwenda polepole kwa sababu ya mawingu?" Saa nikaipeleka kwa shemeji yangu, aendeshee mambo yake.

Baada ya hapo niliuheshimu ule wimbo kuliko kipimo chochote. Nilijua unaanzia wapi na unaishia wapi, nilijua mahali pa kupumua. Nilichokuwa sijui ni unasema nini. Siku moja nilimuuliza. Akafurahi, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kaa basi nikufundishe, kilugha cha mama yako hiki." Nikamwambia tutafanya Ijumaa, mama, leo mchanga unakuja. Ijumaa ikaja na mambo yake. Hatukugombana, hakuna aliyekataa. Ilipita tu, kama zinavyopita kwenu sasa hivi. Halafu simenti ikashuka bei, wateja wakaacha chokaa, kina mama wakaenda kuuza maandazi, na wimbo haukuwa na kazi tena.

Turudi Havana. Mwisho wa safari Evaristo alinialika kwao kula. Wali na maharage meusi na ndizi za kukaanga, nikajiona niko Tandika. Nyumba ilijaa watu, na katikati amekaa shangazi yake, bibi kizee mdogo, macho makali. Evaristo alikuwa amemwambia kwamba mimi ni Macuá. Kumbe kwao kuna habari iliyoshuka kutoka kinywa hadi kinywa, kwamba bibi wa mabibi zao, aliyeletwa kwa meli, alikuwa wa kabila hilo. Zaidi ya jina la kabila hawana kitu. Hata jina lake mwenyewe hawalijui, alibatizwa la Kihispania.

Shangazi akasema kitu. Watoto wakanyamazishwa, redio ikazimwa. Marisol akanitafsiria, na kile Kiswahili chake cha mtaani chote kilikuwa kimemtoka.

"Babu, anasema wewe ni wa kwao. Anasema maisha yake yote ametamani kusikia yule bibi alikuwa anaongeaje. Anaomba useme neno. Neno lolote tu."

Jamani. Watu wote wale wananitazama mdomoni. Nikaufungua, na hakikutoka kitu. Salamu sijui. Maji sijui. Mama kwa Kimakua anaitwaje, mie mtoto wa mama Mmakua, sijui. Nimevuka bahari nzima na mikono mitupu. Nikaanza kugonga meza kwa viganja, ile mipigo ya sakafu, nikauvumisha wimbo puani, na mahali pa maneno nikawa namung'unya. Nilipomaliza nikamwambia Marisol awaeleze ukweli, kwamba najua huu wimbo unaisha wapi lakini sijui unasema nini.

Shangazi hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akauliza, "Anayejua maneno yuko hai?"

Nikasema yuko.

"Basi tuletee sauti yake."

Nikaapa, wallahi nikaapa mbele ya ukoo mzima. Safari ya ndege ilikuwa ndefu, na njia nzima nilikuwa najiambia, Seif, ukishuka usipitie kwako, nenda moja kwa moja kwa mama mkubwa.

Nilikwenda. Anaishi hapahapa Mbagala, kwa mjukuu wake Zuhura, binti mwema sana. Kabla sijasafiri mama mkubwa alikuwa ameanza kusahau, ananiita kwa jina la kaka yake, basi nikawa naitikia. Zuhura alinipokea begi, sura imemsawijika.

"Shikamoo, baba. Bibi hali si nzuri."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

"Mwili hauumwi. Ila Kiswahili kimemtoka chote. Siku hizi anaongea hicho cha kwao tu, kutwa nzima. Sie hatuelewi anataka nini. Akitaka maji tunambahatishia."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilifurahi. Zuhura ana machozi, na mie moyoni nasema alhamdulillahi, ndicho nilichokuwa nakitafuta hicho. Nikatoa simu, nikaingia chumbani.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kitandani, amejifunika kanga, anagonga ubao wa kitanda kwa kidole. Nikamwamkia. Akanitazama kama anavyotazamwa mpita njia, akasema maneno fulani. Halafu akayarudia, na kugonga. Akayarudia tena. Nikajua ndo wimbo wenyewe huo, umebaki vipande. Nikamsogezea simu. Alipoishia nikamsihi aendelee, akayasema tena, sauti inapanda. Nilirekodi mpaka akachoka, akageukia ukutani. Palepale nikamtumia Marisol, ampelekee Evaristo.

Majibu yalikuja upesi. Marisol alisema ukoo mzima ulikusanyika, shangazi alisikiliza akalia, akaomba arudishiwe, akalia tena. Akasema sauti ile inafanana na ya mama yake. Wanashukuru sana. Ila wanaomba kujua, maneno yanasema nini?

Nikaenda kituo cha mabasi ya kusini, hapo juu Rangi Tatu. Nilijua kwenye abiria wa Masasi hakosekani Mmakua. Nikaelekezwa kwa mama mmoja muuza korosho, Asumini jina lake. Nikamsalimu, nikanunua korosho, nikamweleza shida yangu. Akafurahi, akafuta mikono, akaweka simu sikioni huku anatabasamu. Tabasamu likamwisha.

"Baba, huyu ni nani yako?"

"Mama yangu mkubwa. Anaimba nini?"

"Haimbi." Akanirudishia simu, kisha akaichukua tena, akasikiliza kwa mara ya pili. "Anauliza. Anasema, jamani, humu ndani hakuna mtu wa kwetu? Anauliza hilo hilo tu, baba, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu wa kwetu?"

Akaniwekea sauti juu nami nisikie. Na kweli, sasa nilisikia ni swali, linavyopanda mwishoni. Na kila anapolimaliza, kuna sauti ya mwanamume inadakia, imechangamka: "Ehe, mama! Endelea, mama, inaingia vizuri!"

Sauti yangu hiyo.

Sikumbuki niliagana vipi na Asumini. Nakumbuka zile korosho niliziacha mezani kwake akaniita nizifuate, na mie sikugeuka. Nimebomoa kuta, nimeangukiwa na dari, nimeunguzwa na chokaa mpaka kucha zimetoka, lakini maumivu ya siku ile sijui niyafananishe na nini. Alinifuta kamasi huyu mwanamke. Alinipa kazi iliyoniozesha mke na kunizikia baba. Akauliza kama yuko mtu wa kwao, na mie nimesimama mbele yake na simu.

Nikamrekodia Marisol, nikamwambia ukweli wote awafikishie. Niliona aibu, nilidhani wale watu watahisi nimewachezea. Zikapita siku, kimya. Nikasema basi, wamechukia. Kisha Marisol akatuma sauti, na nilisikia kwamba alikuwa ametoka kulia.

"Babu, nimewaambia. Shangazi alisema bila shaka yule bibi yao naye aliuliza hivyohivyo alipofika hapa, na hakuna aliyemjibu. Basi kasema, kamwambie mama yako mkubwa, sie tupo. Huku mbali, lakini tupo."

Nikarudi kwa Asumini siku hiyohiyo. Nikamwambia nifundishe kusema hivyo, watu wa kwenu tupo. Alinifundisha nimekaa kwenye gunia lake la korosho, wateja wanapita wanacheka, mzee mzima anarudiarudia maneno kama mtoto wa madrasa. Ulimi ule uliojua chumvi ya pwani nzima ulikataa. Nikawa nakosea, ananisahihisha, nakosea. Nilitoka pale nayasema njia nzima nisije nikayaangusha.

Zuhura alinifungulia, sikumsalimia hata. Nikaingia chumbani, safari hii simu nimeiacha nje. Nikapiga magoti, yale magoti yangu mabovu, nikamshika mama mkubwa mkono, nikasema.

Aligeuka. Akanitazama muda, macho yakarudi ndani ya uso wake, nikaona kabisa kwamba ameniona. Akaucheka ulimi wangu. Kisha akanivuta karibu, akaanza kuongea. Aliongea, wanangu, aliongea kwa haraka, anashika goti langu, anaonyesha dirishani, anacheka, anafuta machozi, anataja jina la mama yangu, nilichoshika ni jina hilo tu. Ilikuwa wazi kwamba ananiambia kila kitu, yote aliyokuwa ameyaweka tangu Ijumaa ile.

Na mie nimekaa hapo chini, mkono wake mkononi mwangu, naitikia, "Ehe, mama. Ehe," kama mtu anayeelewa.